Herufi ya Bi Breda

Mwandishi wa hadithi za magazeti hapewi barua ya kustaafu. Anajua amestaafu siku mhariri anapoacha kupokea simu zake. Wangu aliacha mwaka jana, nikiwa na miaka arobaini na minane, na sikumlaumu. Gazeti lenyewe limebaki kurasa nane, na sita ni za mpira. Tangu hapo vijana wa kikundi chetu cha waandishi hapa Tanga wananitaka niandike jinsi nilivyoifanya kazi hii kwa miaka zaidi ya ishirini. Nadhani wanataka kujua vitabu vingapi, tuzo gani, nani ananifahamu. Vitabu ni sita, na hayo mengine hayajazi mstari mmoja. Nitaandika habari za neno moja nililolikosea nikiwa Guangzhou. Karibu yote niliyojifunza baadaye yalitoka hapo.

Nilimaliza kidato cha nne nikawa mtu wa kutotulia. Nilikaa Mombasa mwaka mmoja, Dubai miaka miwili nikifunga maboksi, na mwishoni mwa miaka ya tisini nikatua Guangzhou na begi moja, kamusi ya Kiingereza, na daftari lenye mwanzo wa hadithi nne zisizo na mwisho. Mpaka leo nikinusa mvua iliyonyesha juu ya simenti yenye joto, miguu yangu inadhani tunaondoka tena.

Waswahili tulikuwa wachache wakati ule. Tulijuana kwa majina, na waliolala nyumba moja walijuana kwa kikohozi. Wengi walikuwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Unguja waliokuja kununua nguo Shisanhang, kwenye ule mtaa wa maduka ya jumla ambako toroli likikosa kukugonga mgongoni unajua ni sikukuu. Mimi sikuwa na mtaji. Nilikuwa na mwandiko mzuri. Wakala mmoja wa mizigo, Mchina tuliyemwita Lauban kama tulivyomwita kila bosi wa kule, alinichukua niwe mwandika alama. Marobota ya nguo yalipofungwa, kila mwenye mzigo alikuwa na alama yake, na mimi nilizichora ubavuni kwa brashi na wino mweusi kabla lori halijayapeleka bandarini Huangpu. Kontena moja hubeba mizigo ya watu kumi. Alama ikipotea, robota limepotea.

Siku ya kwanza niliandika marobota sitini, herufi zimenyooka kama za ubaoni. Nilijisifu. Sikujua kwamba wino ule huchanganywa na mafuta ya taa. Mimi niliongeza maji. Asubuhi mvua ilikuwa imepita na marobota yote sitini yalikuwa yanalia machozi meusi. Lauban aliyatazama, akasema "meiyou", yaani hakuna, neno alilolitumia kwa kila kitu kuanzia chai hadi matumaini. Nikaanza upya. Nawaambia vijana: kabla hujasifu mwandiko wako, ulizia wino.

Hadithi niliandika mchana, watu wakila. Nilikaa juu ya marobota, daftari gotini, karatasi ya kaboni katikati ili nibaki na nakala. Gazeti moja la kila wiki la Dar es Salaam lilikuwa limekubali hadithi yangu ya mfululizo, "Robota la Tisa". Mtu asiyejulikana anabadilisha marobota kati ya ghala na meli, na mwanamke mfanyabiashara wa Unguja, Zuhura, anaamua kumtafuta. Mhariri alikuwa Bwana Shaweji, mtu aliyesahihisha hadithi kwa mkasi, maana kalamu ilimchelewesha. Kila Jumanne nilimpelekea sehemu mpya kwa faksi. Gazeti lilitoka Ijumaa.

Faksi ilikuwa posta, mwendo wa dakika kumi kutoka ghalani. Dar iko nyuma ya Guangzhou kwa saa tano. Bwana Shaweji alifika kazini saa tatu asubuhi, ambayo kwetu ilikuwa saa nane mchana, na posta walifunga mashine saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa na saa nne za kumpata, na kwenye hizo saa nne nilikuwa nagombania laini moja pamoja na nusu ya mji.

Hapo posta ndipo nilipokutana na Bi Breda. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka arobaini hivi, amevaa mabuti ya mvua ya kiume, anabishana na karani kwa sababu ukurasa wake umefika Ulaya ukiwa mweusi wote. Nilimsaidia kwa Kichina changu cha ghalani. Aliniambia anatoka Slovenia. Nikamwomba anionyeshe kwenye ramani ya ukutani. Akatafuta, kisha akacheka. Ramani ilikuwa ya zamani kuliko nchi yake.

"Unafanya kazi gani?" nilimuuliza.

"Naandika," alisema. "Asubuhi nafundisha Kiingereza chuoni, lakini kazi yangu ni kuandika."

Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu akilisema hilo bila kuomba radhi. Alikuwa ametoa vitabu viwili vya hadithi fupi kwao, na sasa alikuwa anaandika riwaya yake ya kwanza kwa penseli, nyuma ya karatasi za mitihani ya wanafunzi wake. Hadithi fupi mpya alizituma kwa faksi kwenye jarida la mji wake. Naye siku yake ilikuwa Jumanne.

Tukazoea. Kila Jumanne, tukisubiri laini, tulikaa kwenye benchi la posta na kusimuliana kazi ya wiki. Yeye alinisimulia kwa Kiingereza cha mwalimu, mimi kwa Kiingereza cha kidato cha nne. Alikuwa na tabia moja iliyonichosha mno mwanzoni. Kwenye kipande cha karatasi aliandika waliomo chumbani katika kila ukurasa, na mimi nikisimulia alinikatiza. Nani huyo? Amekaa wapi? Mikono yake iko wapi? Ukimjibu "hiyo si muhimu," aliweka penseli chini na kukutazama mpaka iwe muhimu.

Sasa niwaeleze Bi Salma na Mama Neema.

Bi Salma alikuwa mfanyabiashara wa Unguja, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, mkali wa bei. Mumewe, Bwana Hemed, alibaki kwenye duka lao Darajani akipokea mizigo. Guangzhou alikaa chumba kimoja na Mama Neema, mjane wa Mbeya, Mkristo, mwenye wajukuu wawili na mkoromo uliojulikana ghorofa tatu. Vyumba vile havikuwa na kitu cha kupasha moto, na Januari ya Guangzhou inauma. Kitanda kilikuwa kimoja, blanketi moja, na wao wawili.

Bi Salma hakuamini wino wangu, na kwa mwanzo niliouanza nisingemlaumu. Kwa hiyo baada ya mimi kuchora alama, yeye alishona kwenye pembe ya kila robota uzi mwekundu aliouchomoa kwenye pindo la kanga, mishono mitatu. "Wino unakwanguliwa," aliniambia. "Huu hata akiukata, ataacha matundu." Nilikuwa sijaona kitu kizuri kama kile katika kazi yetu. Nikakichukua. Katika sehemu ya sita ya hadithi, Zuhura anashona mishono mitatu ya uzi mwekundu wa kanga. Sikumwomba ruhusa. Niliona kama namheshimu.

Katika sehemu hiyohiyo niliandika sentensi hizi, nazikumbuka kama jina langu: "Asubuhi ile ya baridi Zuhura alimvutia mwenzake blanketi. Kitanda kilikuwa kimoja. Wakacheka, kwa maana nyumbani nani angeamini."

Nilimsimulia Bi Breda kwenye benchi. Nilipofika kwenye blanketi nikasema, kwa Kiingereza, kwamba mwenzake alikuwa amelala, na kwa kulala kwake nikatumia "he". Sisi tuliokulia kwenye Kiswahili tunayabeba "he" na "she" kama viatu vya kuazima. Tunavaa kile kilicho karibu na mlango.

Penseli ikasimama. "Kuna mwanamume kitandani?"

"Hapana. Ni mwanamke mwenzake."

"Umesema 'he'."

"He, she, kwetu ni mmoja."

"Gazetini umeandikaje?"

"Mwenzake."

"Na msomaji anajuaje ni mwanamke?"

"Anajua."

"Nani kamwambia?"

Nikacheka. Akachukua fomu ya faksi, akaandika nyuma yake maneno mawili mafupi ya kwao: "sta spali". Chini yake akaandika "sta spala". Akaeleza kwamba yote ni "walilala". Kwenye lugha yake kuna umoja, kuna wingi, na katikati kuna hesabu ya watu wawili peke yao. "Sta" inasema ni wawili, si watatu. Na herufi ya mwisho ya neno la pili inasema ni wawili gani. Ikiwa "i", wamelala wanawake wawili. Ikiwa "a", wanaume wawili, au mwanamume na mwanamke.

"Mimi siwezi kuandika hadithi yako," alisema, "mpaka uniambie herufi hii."

"Lugha yenu inapekua watu kama forodha," nilimwambia.

Alicheka, lakini kipande chake cha karatasi alikiacha wazi, na mbele ya Zuhura aliweka alama ya kuuliza. Laini ikapatikana. Nikatuma kurasa tano kama zilivyokuwa.

Gazeti lilitoka Ijumaa. Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, nilikuwa juu ya marobota na brashi mkononi nilipomsikia Bi Salma mlangoni.

"Mwandishi. Shuka."

Nikashuka. Hakuwa amekasirika kwa namna niliyoizoea. Alikuwa mtulivu, na macho yamevimba.

"Ile nakala yako ya kaboni iko wapi? Ya wiki iliyopita."

Nikaitoa chini ya kadibodi. "Nisomee penye uzi," alisema. Nikasoma. "Endelea." Nikasoma penye blanketi.

"Huyo mwenzake nani?"

"Mama Neema, dada. Si unajua."

"Najua miye. Unajua weye. Mama Neema anajua, maana anakoroma mumo humo. Darajani wanajua vingine. Uzi wangu wameuona madukani miaka mitatu, kila robota. Juzi kinyozi kasoma kwa sauti, watu wamekaa foleni. Hemed alikuwa kwenye kiti, kanyolewa nusu."

Alikuwa amezungumza naye kwa simu siku iliyotangulia. Alimwambia mwenzake ni Mama Neema. Bwana Hemed akajibu, gazeti halisemi Mama. Bi Salma akampa simu Mama Neema mwenyewe.

"Nilimwambia, shemeji, ni mimi, bibi mzima na wajukuu," alinieleza Mama Neema, aliyekuwa amesimama nyuma yake na mfuko wa machungwa. "Akasema mwanamke yeyote anaweza kupewa simu aongee."

"Kaniambia atanipa Ijumaa mbili," alisema Bi Salma. "Hadithi inaendelea, basi atasoma aone gazeti litasema nani. Isiposema, nisipande ndege ya kurudi kwake. Karatasi ya talaka ataipeleka kwa mama. Haya. Weye ndiye gazeti. Sema."

Nilikuwa na sehemu ya saba tayari mfukoni, ya kutumwa siku ile. Nilikaa chini ya ukuta wa ghala nikaichokonoa. Penye "mwenzake" nikaandika "mwenzake, mama wa makamo". Nikampa dera. Nikampa sentensi mbili za kuwasemea wajukuu. Posta Bi Breda alinitazama usoni, akasikiliza yote, na neno "nilikuambia" hakulitamka. Aliuliza kitu kimoja.

"Hizo sentensi ulizoongeza, mtu akizitoa, hadithi inaanguka?"

"Haianguki."

"Basi atazitoa."

Alhamisi nilipiga simu Dar kuhakikisha. Bwana Shaweji alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mhariri yeyote.

"Bwana mdogo, unajua watu wanagombana vijiweni? Mwenzake ni nani! Mwenye gazeti mwenyewe kaniuliza. Halafu weye unaniletea bibi wa wajukuu. Nimekata."

"Bwana Shaweji, naomba urudishe. Kuna ndoa ya mtu hapa."

"Ndoa gani? Zuhura si kaolewa na nani huko, sijui, hukumpa hata jina mumewe."

"Si Zuhura. Ni mtu wa kweli."

"Basi ungemwacha mtu wa kweli mahali pake. Kurasa zimeshakwenda mtamboni."

Ijumaa ya kwanza ikapita. Bi Salma hakuja ghalani. Alipeleka marobota yake kwa mkono wa mtu mwingine, na kwa mara ya kwanza yalikuja bila uzi. Niliyachora alama mara mbili, ubavuni na juu. Ndicho kitu nilichoweza.

Jumapili Bi Breda alituita kwenye mgahawa wa tambi wa Waislamu karibu na chuo chake, mimi, Bi Salma na Mama Neema. Walikuwa hawajawahi kuonana naye. Bi Salma alimtazama mabuti yake, akaniuliza kwa Kiswahili, "Huyu ndiye aliyekuuliza, ukamcheka?"

"Ndiye."

"Mwambie ahsante. Mwambie weye ni mjinga."

Nilitafsiri yote mawili. Bi Breda akasema la pili analichukua bila tafsiri.

Kisha akaeleza kazi, na hapa vijana msikilize. Usimwombe mhariri aache sentensi yako, alisema. Iweke mahali ambapo mkasi ukipita, kurasa zote zinamwagika. Jambo linalomfanya mwenzake awe mwanamke lazima liwe ndilo linaloisukuma hadithi mbele, na liwe kwenye kila ukurasa.

Mama Neema alikuwa anamenya chungwa.

"Neema nilimzaa stesheni," alisema. "Treni imechelewa, mimi naambiwa subiri. Mtoto hasubiri."

Bi Breda akaniuliza amesema nini. Nikamwambia. Akaigeuza karatasi yake ya mitihani upande mweupe na kunisukumia mbele yangu.

Hivyo ndivyo mwenzake alivyopata uchungu wa kuzaa. Zuhura yuko getini Huangpu, amembana mwizi wa marobota mwenyewe, makaratasi yako mkononi mwake, na nyuma yake mwenzake anashika tumbo. Akimwacha mwizi, atamwokoa mzazi. Akimshika mwizi, mtoto atazaliwa kwenye lami. Niliandika ukurasa kwa ukurasa, na kila ukurasa Bi Salma aliutaka usomwe. Alikuwa mhariri mbaya kuliko Shaweji.

"Zuhura asiwe mwema sana," alisema. "Watasema nimekuagiza. Mwache amlaani kidogo huyo mzazi. Mtu kaja bandarini na tumbo la miezi tisa, hasemwi?"

"Mie nasemwa?" alisema Mama Neema.

"Unasemwa. Na unakoroma."

Kulikuwa na tatizo moja. Katika sehemu ya tatu nilikuwa nimempandisha mwenzake juu ya ukuta wa ghala akachungulie. Ilibidi tuwategemee wasomaji wasahau, na katika miaka yangu yote ya kazi wasomaji hawajawahi kunifanyia hisani kubwa kama ile.

Jumanne saa nane mchana nilikuwa wa kwanza kwenye mashine. Laini ya Dar ilikuwa inatumika. Saa tisa, inatumika. Saa kumi ikaita bila kupokewa. Nilipopiga simu ya kawaida, jirani wa ofisi akapokea na kuniambia umeme umekatika jengo zima. Bi Breda alifuta zamu yake ya faksi akanipa mimi. Bi Salma alikaa mwisho wa benchi, mikono imefungwa ndani ya mtandio. Kila mashine ilipolia aliinua kichwa.

Saa kumi na moja na nusu karani alianza kupanga mihuri yake kwenye sanduku. Nikapiga tena. Ikashika. Ukurasa wa kwanza ukaingia, wa pili, wa tatu. Wa nne ukapinda ndani ya mashine, ikatoa mlio mrefu na laini ikakatika. Karani akasema "meiyou" kabla sijauliza. Nilimwonyesha kidole kimoja, nikimaanisha dakika moja. Akatazama saa, akamtazama Bi Salma, kisha akaufungua mfuniko yeye mwenyewe na kuunyoosha ukurasa kwa kiganja. Hatukupata laini tena. Ikagonga saa kumi na mbili.

Kurasa tatu kati ya tano zilikuwa zimefika. Mtoto alizaliwa kwenye ukurasa wa nne.

"Wa tatu unaishia wapi?" aliuliza Bi Breda.

Nilikuwa naujua kwa moyo. "'Mwenzake akapiga magoti, akasema, Zuhura, maji yamenitoka.'"

Nilimwambia kwa Kiingereza. Akafikiri. "Huyo," alisema, "hata Shaweji hawezi kumfanya mwanamume."

Jumatano Bwana Shaweji alinipata kwa simu ya Lauban. "Umemzalisha?" alikuwa anafoka. "Umemzalisha mwenzake? Sina kitu kingine cha kujaza ukurasa. Naichapa, na ni ya mwisho. Umeniulia hadithi."

Nikamwambia ahsante, na sidhani kama alinielewa.

Ijumaa gazeti hutoka Dar alfajiri na kuvuka kwenda Unguja na boti ya asubuhi. Bi Salma alikuwa kwenye duka la simu kuanzia saa tisa mchana. Alitutaka tuwepo, mimi na Mama Neema, lakini tusiseme kitu. Alipompata Bwana Hemed, alikiweka kipokezi mbali kidogo na sikio, nasi tukasikia. Gazeti alikuwa nalo. Alilisoma kwa sauti, taratibu, kama barua ya serikali, mpaka penye maji.

Tukasikia gazeti likikunjwa.

"Basi ni mwanamke," alisema Bwana Hemed.

"Ni mwanamke."

"Basi yameisha, Salma. Rudi nyumbani. Wallahi nimefurahi."

"Hemed. Jumatatu ile nilikwambia nini?"

"Si yameisha."

"Nilikwambia nini?"

"Ulisema ni Mama Neema."

"Na Mama Neema alikwambia nini?"

Duka zima la simu lilikuwa linasikiliza, hata Wachina wasiojua neno.

"Haya," alisema Bi Salma. "Umeliamini gazeti. Liambie likupikie."

Akaweka simu chini, akaweka mtandio sawa, akamwambia Mama Neema waende Shisanhang kabla maduka hayajafungwa. Miezi mitatu baadaye alijivua kwa kadhi. Mahari alimrudishia mumewe yote. Mimi nilikuwa nimeipata ile herufi, nimeiandika, imechapwa, na ndoa imekufa vilevile, mkononi mwa mwenyewe safari hii. Kwa muda mrefu nilijiambia hiyo si hatia yangu. Sijiambii tena.

Mkataba wa Bi Breda chuoni ulikwisha mwaka uliofuata. Riwaya yake ilitoka kwao, akaandika nyingine nne na vitabu vya hadithi fupi, na mara kwa mara alinipelekea barua akiniambia anaandika nini. Hata mara moja hakuniambia vimeuzwa vingapi. Mimi niliendelea kutangatanga, Bangkok, Jakarta, Maputo, nikiandika popote palipo na meza, na mpaka mwisho niliweka kando ya daftari kipande cha karatasi chenye majina ya waliomo chumbani. Faksi zangu za miaka ile, zilizopokelewa Dar, zimefutika zote. Karatasi ile ya mashine, inayochapwa kwa joto, haidumu. Kaboni ndizo zilizobaki.

Mwaka jana, nikiwa nimeshaacha kazi, kilikuja kifurushi. Kitabu cha hadithi fupi za Bi Breda, kwa lugha yake, na ndani yake karatasi ndogo: "Ukurasa wa sitini na moja. Huwezi kusoma. Tafuta herufi." Nilikaa nacho siku nzima. Sikuelewa chochote isipokuwa Guangzhou, lililoandikwa kama linavyoandikwa kokote. Lakini kila baada ya mistari michache niliona "sta", na baada yake neno linaloishia kwa "i".

Nikavuka kwenda Unguja. Bi Salma ana duka lake mwenyewe Darajani, vitambaa na mapazia. Mama Neema alifariki zamani. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi, na aliponiona mlangoni alisema tu, "Mwandishi," akaendelea kukata kitambaa. Nilimwekea kitabu mezani. Nikamweleza kimetoka kwa yule wa mabuti.

Akavaa miwani. Akakigeuza mbele na nyuma. "Tuko wapi humu?"

Nikamwonyesha. Nikapita na kidole, mstari kwa mstari: hapa, na hapa, na hapa, hapa mnacheka nadhani, hapa mmelala. Kila mahali wanawake wawili, na hakuna wa kuuliza.

"Herufi hii?" Alikiweka kidole chake juu yake. "Moja tu?"

"Moja tu."

Kisha akavua miwani.

"Na weye," alisema, "ulikuwa na zote."